Mahabusu, Maadilisho na Utengamao: Uhakiki wa Istilahi za Watoto Walio Mikononi mwa Sheria

Mara nyingi kazi ya istilahi hushughulika na vitu: sehemu za mashine, majina ya kemikali, vyeo vya ofisini. Safari hii tumekusudia kuhakiki istilahi zinazohusu watu, tena watu wadogo wasiokuwa na mjumbe katika kamati yoyote ya lugha. Hao ni watoto walioshitakiwa, au walioamriwa na mahakama wakae mahali fulani, na ambao baadhi yao, pamoja na kosa wanaloshitakiwa, wana maradhi ya akili au majeraha ya moyo yanayohitaji tiba.

Sababu ya kulishughulikia jambo hili ni ya vitendo. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu wakati huo neno ambalo lilikuwa likitamkwa mahakamani kwa mazoea tu limepata uzito mpya. Mfasiri, mwalimu na afisa ustawi wa jamii hawana tena kisingizio cha kusema kwamba maana halisi imo katika nakala ya Kiingereza. Neno la Kiswahili likiwa bovu, hukumu nayo inaweza kupinda.

Tumechukua mji wa Moshi na vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro kuwa uwanja wa mifano yetu, na hatukufanya hivyo kwa kubahatisha. Moshi ni mmojawapo wa miji michache yenye mahabusu ya watoto, pamoja na Dar es Salaam, Tanga, Arusha na Mbeya. Aidha, katika miaka ya 1980 Mkoa wa Kilimanjaro, pamoja na Morogoro, ulichaguliwa kuwa mahali pa majaribio ya mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa nchi ya Denmark. Nia ya mpango huo ilikuwa kuitoa tiba ya akili katika hospitali kubwa za mbali, kama Mirembe iliyoko Dodoma, na kuileta katika hospitali na zahanati za kawaida. Kwa hiyo katika mkoa huu mikono miwili ya Serikali, ule wa sheria na ule wa tiba, imekuwa karibu kwa miaka mingi. Tutaonyesha kwamba msamiati wa mkono mmoja haujauelewa msamiati wa mwingine, na kwamba anayelipa gharama ya kutoelewana huko ni mtoto.

1. Mahabusu

Neno hili limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile lile la habsi, yaani kifungo. Katika Kiarabu ni jina la mtu aliyefungwa. Katika Kiswahili limetwikwa kazi mbili: huyu husema "yuko mahabusu" kwa maana ya mahali, na yule husema "huyo ni mahabusu" kwa maana ya mtu. Wapo wanaojaribu kutenga mambo kwa kuandika mahabusi kwa mtu na mahabusu kwa mahali, lakini tofauti ya irabu moja ya mwisho haidumu midomoni mwa watu. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyelala siku chache katika nyumba hiyo hutoka akiwa amevikwa jina la nyumba. Akirudi shuleni Kibosho au Marangu, wenzake hawasemi kwamba alikuwa akingojea shauri lake. Husema alikuwa mahabusu, na mwisho humwita mahabusu.

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inakusudia mahali ambapo mtoto huhifadhiwa kwa muda wakati shauri lake halijaamuliwa. Ndani ya maelezo hayo mna mambo mawili: hifadhi na muda. Neno letu limeyaacha yote mawili likashika la tatu, ambalo ni kufungwa. Tena kifungu cha 119 cha Sheria hiyo hiyo kinakataza mtoto asipewe adhabu ya kifungo. Waliotunga jina la Kiingereza walilitia ndani yake neno lenye maana ya nyumbani. Sisi tulipolifasiri tulitia habsi. Huo si ufasiri bali ni kuongeza adhabu ambayo hakimu hakuitoa.

Kwa maoni yetu, yafaa kusema makao ya kungojea shauri. Ni maneno manne badala ya moja, lakini kila neno linafanya kazi yake, na hakuna hata moja linaloweza kugeuka kuwa jina la mtoto.

2. Mtoto anayekinzana na sheria

Maneno haya yameenea katika hati za ofisi na katika semina, yakichukua nafasi ya yale ya zamani kama mtoto mhalifu, mtukutu au mhuni. Nia ya badiliko hilo ni njema na tunaiunga mkono: neno mhalifu hutamka hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Hata hivyo, hatuna budi kulipima kisarufi. Kukinza ni kupinga au kuzuia. Kukinzana ni kupingana, kila upande ukiushinda mwingine kwa nguvu zake. Kiambishi -na- cha kutendana kinadai pande mbili zilizo sawa. Je, mtoto wa miaka 12 aliyeiba mkungu wa ndizi katika kihamba cha jirani amesimama mbele ya sheria kama mshindani wake? Hana habari nayo. Kwa upande mwingine, atakapokamatwa, sheria kweli itamkinza yeye.

Hatusemi kwamba istilahi hii itupwe, maana imekwisha kukubaliwa na watumiaji wengi. Twasema tu kwamba isitumike kwa mtoto ambaye kosa lake halijathibitishwa. Kabla ya hapo, mtoto mwenye shauri yatosha. Majirani zetu wa Kenya walitupa mfano mwema wa uangalifu wa namna hii: kifungu cha 189 cha Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2001 kilikataza kabisa maneno yenye maana ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa adhabu yasitumike kwa mtoto aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto. Sheria hiyo imekwisha kufutwa na ile ya mwaka 2022, lakini fundisho lake limebaki: mtunga sheria mwenyewe aliona kwamba neno tupu laweza kumdhuru mtoto, akaliwekea mpaka.

3. Maadilisho, urekebishaji, utengamao

Hapa ndipo kiini cha uhakiki wetu kilipo. Kiingereza kina neno moja, lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ya asili ni kumfanya mtu afae tena. Neno hilo hutumika gerezani, hospitalini na hata katika kazi za barabara. Kiswahili kimeligawa neno hilo mara tatu, na mgawanyo huo, ambao wengi huuona kuwa ni utajiri tu wa visawe, kwa kweli ni mgawanyo wa mamlaka.

Neno la kwanza ni maadilisho. Limeundwa vizuri kutokana na adili, kwa njia ya kitenzi adilisha, na linasikika kama neno la Kiswahili wala si kama tafsiri. Ndilo lililomo katika jina la Shule ya Maadilisho Irambo, mkoani Mbeya, ambako hupelekwa watoto kwa amri ya mahakama. Ukilinganisha na Kenya, ambako Shikusa na Shimo la Tewa bado ni "borstal", yaani jina la kijiji kimoja cha Kent nchini Uingereza ambako mtindo huo ulianzia, utaona kwamba mabingwa wetu walifanya kazi ya kusifiwa. Waingereza wenyewe waliliacha jina hilo kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini uzuri wa umbo usitufanye tusahau kuuliza maana. Maadilisho yanatuambia kwamba kilichoharibika ni maadili. Basi anayehitajika ni mwalimu, au mchungaji, au shehe.

Neno la pili ni urekebishaji, hasa katika urekebishaji wa tabia. Hili ni neno la fundi. Linatuambia kwamba kuna kitu kilichopotoka kinachopaswa kunyoshwa, na anayehitajika ni msimamizi mwenye amri na ratiba.

Neno la tatu ni utengamao, ambalo wengine huandika utengemao. Hili hutumiwa na watu wa afya. Kutengamaa ni kutulia, kukaa vizuri baada ya kusukwasukwa. Linatuambia kwamba kuna mtu aliyetikiswa, na anayehitajika ni tabibu, muuguzi, na jamaa wa kukaa naye.

Sasa tuchukulie mtoto wa miaka 14 kutoka Rombo. Kihamba cha baba yake kimegawanywa mara nyingi, na kwa kuwa mila huwatanguliza mzaliwa wa kwanza na wa mwisho, yeye wa katikati hana la kutarajia. Ameteremka mjini, amelala nje karibu na stendi, amepigwa, ameona mwenzake akifa, na hatimaye amekamatwa kwa wizi. Katika makao ya kungojea shauri halali usiku, hajibu anapoulizwa, na hushtuka mlango ukigongwa. Afisa anayeandika taarifa yake kwa mahakama ana uhuru wa kuchagua maneno. Akiandika kwamba mtoto ni mkaidi na anahitaji maadilisho, hakimu atafikiria Irambo, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Moshi na kutoka kwa mama yake. Akiandika kwamba mtoto ana kiwewe na anahitaji matibabu na utengamao, hakimu atauliza kama hospitali ya Mawenzi au ya KCMC imekwisha kumwona. Mtoto ni yule yule, na dalili ni zile zile. Kilichobadilika ni istilahi.

Hatusemi kwamba kila mtoto aliyeiba ni mgonjwa. Kusema hivyo kungekuwa kosa jingine, na pengine kubwa zaidi, kwani mtoto mwenye njaa hahitaji vidonge bali chakula na shule. Twasema kwamba lugha ya ofisi isiamue jambo ambalo uchunguzi haujaamua. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu ulinzi wa vijana walionyimwa uhuru zinaelekeza, katika kanuni ya 53, kwamba kijana mwenye ugonjwa wa akili atibiwe katika taasisi maalumu yenye uongozi huru wa kitabibu. Kanuni hiyo haiwezi kutekelezwa na afisa ambaye msamiati wake una neno moja tu kwa mambo yote mawili.

4. Akili

Kutoka wazimu na kichaa hadi ugonjwa wa akili ilikuwa hatua kubwa. Kutoka ugonjwa wa akili hadi afya ya akili, kama inavyosema Sheria ya mwaka 2008, ni hatua nyingine. Tunazipongeza zote mbili. Lakini neno akili lenyewe lina mzigo ambao wafasiri wengi hawauoni, kwa sababu wao wamezoea kulisoma kwa miwani ya Kiingereza.

Kwa Mswahili wa kawaida akili ni werevu na busara. Mtoto mwenye akili ni yule anayeshika masomo. Mzazi anayeshuka kutoka Machame au Kibosho, akiambiwa na afisa kwamba mwanawe ana tatizo la akili, hujibu kwa uchungu na kwa haki: "Mwanangu ana akili sana, huwa wa kwanza darasani." Hapo mazungumzo hukatika. Mzazi huona kwamba ametukanwa. Afisa naye huandika kwamba mzazi hatoi ushirikiano. Wala hakuna aliyesema uongo.

Dawa ya kosa hili si kutafuta neno jingine la jumla, bali kutumia majina mahususi ya maradhi, ambayo Kiswahili kinayo. Sonona, kutokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kuumia na kuhuzunika ndani kwa ndani, linaeleza ugonjwa wa huzuni kubwa vizuri kuliko neno lolote la kukopa. Kiwewe, yaani hali ya mtu aliyepotewa na fahamu kwa hofu, linaeleza jeraha la aliyeona mambo ya kutisha. Wasiwasi linajulikana na kila mtu. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anasonona, huelewa mara moja, na mara nyingi huanza kueleza sababu mwenyewe. Istilahi ya jumla ibaki katika vichwa vya sheria na majina ya idara. Ndani ya taarifa ya mtoto, itajwe dalili na litajwe jina la maradhi lililothibitishwa na tabibu.

5. Ushauri nasaha

Tunakuja kwenye istilahi iliyoenea kuliko zote katika huduma hizi. Ushauri na nasaha ni maneno mawili yenye maana inayokaribiana sana, na yote mawili yanamweka mtoaji juu na mpokeaji chini. Anayetoa nasaha ndiye anayesema, anayepewa husikiliza. Lakini kazi inayokusudiwa, kama wanavyoifundisha mabingwa wake, ni kinyume cha hivyo: mtoto aseme na mtu mzima asikilize, mpaka mtoto aone mwenyewe njia.

Si ajabu basi kwamba mtumishi mwenye moyo mwema, akiambiwa ampe mtoto ushauri nasaha, humketisha na kumhutubia kwa nusu saa juu ya ubaya wa bangi na faida za kuwatii wazazi. Ametimiza istilahi aliyopewa. Tumesikia wengine wakitumia unasihi na mnasihi. Hayo ni mafupi na yana umbo zuri, lakini yamerithi kasoro ile ile. Tungependekeza kwa kazi hii maneno tiba ya mazungumzo, yakitengwa na ushauri wa kawaida. Mazungumzo hayawezi kufanywa na mtu mmoja.

6. Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba tunapoteza karatasi. Watasema makao hayahitaji majina mapya bali magodoro, waganga na vitabu, na kwamba neno jema juu ya mlango uliofungwa kwa kufuli ni hadaa. Pingamizi hili ni zito. Mfano ulio karibu ni Zanzibar, ambako gereza huitwa Chuo cha Mafunzo na aliyefungwa huitwa mwanafunzi. Jina hilo lina heshima yake: linaikumbusha Serikali wajibu wake kila linapotamkwa. Lakini linaweza pia kumfanya msikilizaji asahau kwamba mwanafunzi huyu hawezi kuomba ruhusa akaenda nyumbani.

Kwa hiyo tunakiri kwamba istilahi zina makosa ya namna mbili. Kuna neno linalosema kupita kiasi, kama mahabusu, linalomfunga mtoto ambaye hakufungwa. Na kuna neno linalosema pungufu, linalofunika kufuli kwa kitambaa. Istilahi njema haina budi kusimama katikati. Ndiyo maana tumependekeza makao ya kungojea shauri wala hatukupendekeza nyumba ya furaha au kituo cha matumaini. Shauri limo ndani ya jina, na msomaji anajua kwamba mahakama ipo.

Ama kuhusu magodoro na waganga, twajibu kwamba bajeti nayo huandikwa kwa maneno. Fungu la maadilisho halinunui dawa ya sonona. Mpaka jambo litajwe kwa jina lake, hakuna ofisi itakayoliombea fedha.

7. Neno kutoka mlimani

Wachagga hupanda masale kwenye mipaka ya vihamba. Jani la mmea huo huo, isale, ndilo analopeleka mtu anayeomba msamaha, na ni vigumu sana kwa aliyepelekewa kulikataa. Hatuliletei isale ombi la kuingizwa katika kamusi ya sheria. Tunalitaja kwa sababu linatukumbusha jambo ambalo istilahi zetu zote tatu, maadilisho, urekebishaji na utengamao, zimeliacha: zote zinamtazama mtoto peke yake. Hakuna hata moja inayomtaja yule atakayempokea. Mtoto aliyeadilishwa, akarekebishwa na kutengamaa, bado anahitaji kurudi mahali, na mahali hapo pana jirani ambaye ndizi zake ziliibwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unalitaja waziwazi suala la kumrudisha mtoto katika jamii. Wafasiri wengi huandika kuunganishwa tena na jamii, kana kwamba mtoto ni waya uliokatika. Kupokelewa lingefaa zaidi, kwani humlazimisha mwandishi kumtaja mpokeaji.

8. Mapendekezo

Kwa kufupisha, twapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(a) Makao ya kungojea shauri yatumike badala ya mahabusu ya watoto. Na mtoto asiitwe mahabusu wala mahabusi katika hati yoyote.

(b) Mtoto mwenye shauri yatumike kabla ya uamuzi.

(c) Maadilisho yabaki kwa mafunzo ya mwenendo tu. Utengamao utumike kwa huduma zinazofuata uchunguzi wa tabibu. Na taarifa kwa mahakama isitumie lolote kati ya hayo mawili bila kutaja sababu.

(d) Katika taarifa za watoto yatajwe sonona, kiwewe, wasiwasi na mengineyo kwa majina yake, baada ya kuthibitishwa na tabibu, badala ya tatizo la akili.

(e) Tiba ya mazungumzo itengwe na ushauri nasaha.

(f) Kupokelewa katika jamii kutumike pale mtoto anaporudi kwao.

Huenda wasomaji wetu, hasa maafisa ustawi wa jamii, mahakimu na wauguzi walio karibu na watoto hawa, wanayo maneno bora kuliko haya. Tena huenda watoto wenyewe wanayo, na hatujawauliza. Tunaomba maoni hayo yaletwe, yakiambatana na mifano ya matumizi, ili yapimwe katika vikao vijavyo. Hadi hapo, tunamwomba kila mfasiri anayekutana na neno mkaidi katika taarifa ya mtoto asilipitishe haraka. Na arudi kwa mwandishi amwulize: mtoto huyo alifanya nini hasa, na ni nani aliyemchunguza?